Mkuu usilipie kwanza, hiyo HHN sio Frankfurt unayoijua

Mkuu toa mkono kwenye hiyo simu, usilipie. Umeuliza London mpaka Frankfurt ni kilomita ngapi, ndege inatumia muda gani na mabegi mawili makubwa utayapitishaje ili usiku huo huo uunganishe ndege ya Dar kupitia Addis. Kilomita ni kama 640 kwa angani, ndege saa 1 na dakika 40 hivi, na Ujerumani wako mbele saa moja. Sasa achana na hayo, rudi kwenye skrinshoti uliyoweka, soma herufi tatu za kodi ya uwanja pale unaposhukia. HHN.

Hiyo ni uwanja wanaouita Frankfurt-Hahn, na Hahn haipo Frankfurt ndugu yangu, ipo kama kilomita 120 huko vilimani Hunsrück, mkoa mwingine kabisa, zamani ilikuwa kambi ya ndege za kivita za Wamarekani. Treni haifiki. Yaani umekata tiketi ya Dar wanakushusha Chalinze halafu wanakwambia karibu Dar. Ndege yako ya Addis inaruka FRA, uwanja mkubwa wenyewe.

Mimi yalinikuta Novemba 2018, mpango wangu ulikuwa huu huu wako. Jamaa mmoja wa tiketi hapa London akanipigia hesabu, unatua saa 12 na nusu jioni, ndege ya pili saa 4 na robo usiku, una muda wa kula na kulala kidogo. Neno Hahn nililiona, nikajua ni jina la mtu, si sisi wenyewe uwanja tumeuita Julius Nyerere? Natoka na mabegi yangu, nje giza na baridi, namuuliza mama mmoja mfanyakazi wa pale kaunta ya Addis iko terminali ipi, akanyoosha kidole kituo cha basi. Basi lilikuwa linaondoka, naliona taa za nyuma zile zinakata kona. La pili nikalisubiri karibu saa nzima, barabarani saa 1 na dakika 45, nafika FRA saa 4 kasoro dakika 10, kaunta ya mizigo imefungwa na dada ameshavaa koti lake.

Na kwa sababu tiketi mbili zilikatwa mbalimbali hakuna aliyewajibika, hawa wanasema sisi tumekutua salama, wale wanasema wewe ndio umechelewa. Tiketi mpya paundi 640, wakati pale mwanzo niliokoa paundi 38! Yule jamaa nikampigia, akanijibu eti "si Frankfurt hiyo hiyo bro". Huyu mtu kazi yake ni kuuza tiketi, anakula kamisheni, na kilomita 120 kwake ni hiyo hiyo. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Shukuru Mungu viza ya Schengen, ile ya kuingia Ujerumani na wenzao, nilikuwa nayo, maana kutoka Hahn kwenda FRA lazima upite uhamiaji uingie nchini kwao, bila viza hata hilo basi hulipandi.

Kwa hiyo mkuu jina la mji achana nalo, soma herufi tatu. Unakoshukia na unakoondokea zote ziwe FRA, na ikiwezekana ziwe kwenye tiketi moja. Mwambie huyo anayekukatia akutumie upya, uziweke hapa tuzione kabla hela haijatoka.