Gauni la ubatizo la mjukuu: niliyojifunza kwa kufumua

Ukitaka kumshonea mjukuu wako gauni la ubatizo la kurithishwa, jua mapema kwamba yeye mwenyewe atalivaa kwa muda wa saa mbili tu. Atalia akimwagiwa maji, atacheua maziwa kifuani, atalala kabla pilau halijapakuliwa. Basi. Gauni ni la wadogo zake, na la watoto wa shangazi zake, na la wengine ambao mama zao bado wako skuli. Mimi hilo sikulijua nilipoanza, ndiyo maana gauni langu la kwanza halipo tena.

Lile la kwanza nililishona kwa satini ya hariri, likamkaa mtoto kama ngozi ya pili. Baada ya ibada nikalifua juujuu, nikalitia wanga likasimama, nikalifukiza udi, nikalilaza ndani ya kasha pamoja na asumini zilizofungwa kwenye leso. Waliozaliwa Unguja wameshaanza kucheka. Masika yalipokwisha nikafungua kasha: mabegani vidoa vyeusi vya kawa, upindo umetafunwa na mende waliofuata wanga, na pale asumini zilipolala pana alama ya rangi ya chai mpaka bitana. Mama yake mtoto aliliangalia akasema, "Si neno, mama, picha zipo." Sikujibu.

La pili limeshavaliwa na wajukuu wanne, na haya ninayoyaandika yametoka kwenye hilo.

Anza na kitambaa, na usianze na hariri. Gauni la ubatizo la ukoo wa kifalme wa Uingereza lilishonwa mwaka 1841 kwa satini ya hariri na lesi ya Honiton, kwa ajili ya binti wa kwanza wa Malkia Victoria. Likavaliwa na vizazi vya watoto hadi 2004, kisha likawa dhaifu mno, na tangu 2008 wanavalishwa nakala yake. Wale wana watunzaji wa mavazi, na hawana masika yetu. Wewe nunua pamba: melimeli nzuri, nyepesi, ile ambayo ukiitandika juu ya gazeti unasoma vichwa vya habari. Bafta laini inafaa kwa shimizi la ndani.

Kwenye maduka ya Mchangani na Darajani, hapa mjini Unguja, utaambiwa kila kitambaa ni pamba tupu. Niliwahi kuuziwa mita nne za "pamba tupu" iliyoyeyuka chini ya pasi. Siku hizi naomba kipande cha upana wa kidole, natoka nje, nakichoma. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu la kijivu linalosagika vidoleni. Iliyochanganywa na polyesta inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuza duka akinuna, nuna naye.

Kwa gauni la sentimita 80 kutoka bega hadi upindo, pamoja na shimizi lake, nachukua mita nne za upana wa inchi 45. Zinabaki. Na zibaki, nitakwambia kwa nini. Kitambaa chote kitie maji ya moto, kianike, kipige pasi, kisha ufanye tena. Pamba inarudi, na bora irudi kabla hujaikata kuliko baada ya ubatizo wa kwanza.

Kukata kwenyewe: usiamini mstari wa kalamu juu ya melimeli. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo, utaona njia nyembamba imebaki wazi, ukate humo humo. Inachosha macho lakini upindo hautakwenda upande.

Sasa vipimo, hapa ndipo bibi wengi wanapokosea, kwa sababu tunampima mtoto aliye mbele yetu. Mtoto wa miezi mitatu kifua chake ni kama sentimita 40. Atakayefuata huenda akabatizwa ana miezi kumi, mnono, ameshaanza kusimama. Kwa hiyo kifua cha gauni mimi nakipa sentimita 54, nafungua mgongo mzima wa sehemu ya juu, na shingoni napitisha utepe ndani ya mfereji mdogo, ukivutwa gauni linamkaa mchanga, ukiachiwa linamkaa mkubwa. Mikononi hivyo hivyo, utepe. Lastiki usitie kabisa, kwa joto letu inalegea na kugeuka unga ikiwa imekaa kabatini tu. Na vibanio vya chuma vya mgongoni sahau, hewa ya bahari inavitia kutu na kutu ya kwenye pamba nyeupe haina dawa ya kuaminika. Vifungo vidogo vya chaza na vitanzi vya uzi vinatosha.

Kila mshono wa ndani uwe wa kufungwa, ule mafundi wanauita wa Kifaransa. Weka vipande migongo ikitazamana, yaani upande mzuri nje, shona milimita 6 kutoka ukingo. Punguza ukingo ubaki milimita 3. Geuza, piga pasi, shona tena milimita 6 kwa upande wa ndani. Nyuzi zote zinabaki zimefungiwa humo, gauni linafulika mara mia bila kutoa ndevu. Hesabu tu kwamba mshono huo unakula sentimita 1.2 kila upande. Nilisahau hesabu hiyo kwenye mikono ya gauni la pili, ikawa mikono ya mwanasesere, nikafumua yote. Sindano ya cherehani iwe namba 9. Ile 14 inayokaa kwenye mashine miaka yote inaacha vitundu kama vya chujio.

Vikunjo vyembamba vya kifuani vinapendeza, lakini navyo vinakula. Vikunjo 20 vya milimita 2 vinameza sentimita 8, kwa sababu kila kimoja kina pande mbili. Kwa hiyo shona vikunjo kwanza kwenye kipande kikubwa, piga pasi, ndipo uweke kiolezo na kukata kifua. Ukikata kwanza utalia.

Kuhusu ibada yenyewe, kwa kuwa tunashona tukisahau kitakachotokea kanisani. Kwetu Minara Miwili, kanisa Katoliki la Mji Mkongwe, padri anampaka mtoto mafuta kifuani kabla ya maji, kisha krisma utosini baada ya maji. Yale ni mafuta ya zeituni, yakifika kwenye pamba na yakaachwa yanageuka manjano baada ya miezi. Basi shingo ifunguke kiasi kwamba mama wa ubatizo ataishusha kwa kidole kimoja bila kung'ang'ana na vifungo kumi, na kofia ya mtoto ivulike kwa kuvuta fundo moja tu. Kisha unakuja mshumaa. Baba wa ubatizo anaushika, yuko kwenye picha, anatazama kamera, nta inadondoka kwenye lesi. Mimi siku hizi namwambia mapema, mkono wa mshumaa uwe mbali na mtoto, na nasimama karibu na kitambaa cha kukinga. Wananiona bibi mkorofi. Nimezoea.

Darizi niliiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo itakayokuchukua miezi.

Nilipoanza nilinakili maua ya kizungu kutoka picha, majani na mashina, kwa uzi wa kujaza. Yalikuwa mazito, kitambaa kikavutwa kikawa kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Jirani yangu, mwenyeji wa Pemba, hushona kofia za viua barazani kila baada ya alasiri. Kofia moja inamchukua wiki kadhaa, ikiwa na viua vingi hata miezi. Aliniangalia siku tatu bila neno, ya nne akasema:

"Shoga, unakishindilia kitambaa. Mbona huchukui viua?"

"Viua si vya kofia?"

"Kofia ni pamba. Na hicho ni nini?"

Akanionyesha kwenye kipande cha bafta. Unazungushia kwanza bandi ndogondogo, duara la ukubwa wa punje ya mtama. Halafu unatia ncha ya sindano nene katikati na kusukuma, unazungusha, nyuzi za kitambaa zinasogea pembeni bila kukatika. Hukati kwa mkasi, hilo alilirudia mara tatu, kwa sababu ukikata tundu litatanuka kila likifuliwa. Kisha unapitisha uzi kutoka juu ya bandi na kutokea kwenye tundu, mshono ukilala kando ya mwenzake, mpaka duara lifunge. Mimi nikawa nakaza kila mshono. Akanishika mkono. "Kiua hakikazwi, kinakalishwa." Nilitoboa kipande kizima cha bafta kabla mkono haujaelewa neno hilo.

Uzi wa kutarizia una nyuzi sita zilizosokotwa. Kwa melimeli tumia mmoja. Usikate mrefu zaidi ya kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, ukizidi unachakaa kwenye tundu la sindano na kufanya mafundo. Mchoro usiuchore juu ya kitambaa. Uchore kwenye karatasi kwa wino mweusi, upige bandi karatasi chini ya melimeli, utauona vizuri, ukimaliza chana karatasi uitoe. Jasho la vidole ndilo adui wa kazi nyeupe, kwa hiyo osha mikono kila unapokaa, weka poda kidogo, na saa za mchana wa jua kali fanya jambo jingine.

Viua vyangu vimezunguka upindo mzima, na vina siri moja. Siku mbili kabla ya ubatizo wa mjukuu wa kwanza kulivaa gauni hili umeme ulikatika, nikachukua pasi ya mkaa. Cheche ikaruka, ikatua chini ya safu ya maua, ikaacha tundu jeusi la ukubwa wa kichwa cha njiti. Nililiangalia kama dakika kumi nzima. Jirani akaitwa. Akalisafisha ukingo kwa sindano, akalizungushia bandi, akakifanya kiua. Lakini kiua kimoja peke yake chini ya safu kinaonekana ni kiraka, kwa hiyo tukaongeza saba kulizunguka gauni, yeye kutoka kushoto na mimi kutoka kulia, mpaka saa saba za usiku. Watu husifia ile safu ya chini. Namwachia yeye asimulie, anaisimulia vizuri zaidi, na kila mara pasi inakuwa kubwa zaidi. Pasi ya mkaa kama huna budi, weka kitambaa chenye unyevu juu ya gauni, na hiyo pasi ukaikung'ute nje kwanza.

Majina ya watoto usiyaandike kwenye gauni. Yaandike kwenye upindo wa shimizi, kwa mshono wa mnyororo, herufi za kwanza na mwaka. Pale pana nafasi, na shimizi likichakaa linashonwa jingine na upindo wa zamani unahamishwa.

Kufua ni jioni ile ile ya ubatizo. Wageni wapo, sahani zipo, gauni halingoji. Maji ya visima vyetu yametoka kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, sabuni inakataa kutoa povu na inaacha ukoko kwenye nyuzi. Kinga maji ya mvua au nunua ya chupa, ndoo mbili si gharama. Madoa ya mafuta yasugue taratibu kwa sabuni kavu ya mche kabla ya kuloweka. Dawa ya kung'arisha yenye klorini inakula pamba nyembamba, na buluu ukizidisha gauni linakuwa la samawati. Suuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, usikamue, lilaze ndani ya taulo uliviringishe. Anika kivulini.

Wanga usitie mpaka siku ya kulivaa tena. Udi, asumini, mafuta ya halud, vyote vibaki kwako mwenyewe. Karafuu wengine hutia kashani kufukuza wadudu. Mimi natia, lakini kwenye kifuko kilichofungwa na kiwe kona ya mbali, zinaacha mafuta. Gauni lifunge kwa bafta iliyofuliwa bila wanga, si mfuko wa plastiki, kwani plastiki inafungia unyevu ndani. Mikunjo jaza vitambaa ili isikae mistari, na kila ukilitoa likunje pengine. Kaskazi ikiwa imetulia, Januari hivi, litoe likae nje kivulini asubuhi nzima. Vuli na masika usilifungue kama hakuna haja.

Na ile melimeli iliyobaki? Ifue kila unapofua gauni, hata kama haijavaliwa, iwekwe kwenye bunda hilo hilo. Ikizeeka pamoja nalo ndipo rangi zitalingana siku kwapa litakapochanika. Pamoja nayo weka uzi wako uliobaki na kikaratasi cha namba yake, wino usigusane na nguo.

Juzi binti yangu kapiga simu kutoka Wete. Wa tano atabatizwa Pasaka, ana miezi tisa, na anasema mikono yake minene kama mikate ya kumimina. Shingo itatosha, mgongo utatosha. Mikono sina hakika, nilibakisha sentimita mbili tu za ziada. Nimelitoa kashani jana, liko mezani, nami natafuta miwani.