Je, Blogu Inaweza Kuniongezea Kipato?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Nimesikia kwamba blogu huingiza fedha. Fedha hizo hutoka wapi hasa?
Mwalimu, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wengi hutegemea matangazo. Mfumo wa Google AdSense, ulioanza mwaka 2003, humgawia mwandishi sehemu ya fedha anazolipa mtangazaji, lakini hautoi malipo mpaka salio lifikie dola 100 za Marekani, kiwango ambacho blogu changa huweza kukisubiri kwa miezi mingi. Salio likifika dola 10, kwa kawaida hutumwa barua ya posta yenye namba ya uhakiki. Hivyo, ukitumia sanduku la posta la shule, mwombe anayechukua barua akuwekee yako.

Binafsi nisingekushauri ungojee matangazo peke yake. Andika unachokijua kwa macho yako: jinsi wavuvi wa Kibirizi wanavyovua dagaa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, jinsi dagaa hao wanavyoanikwa kukikucha, na namna ya kuwatambua waliokauka sawasawa, wasio na mchanga. Anayesoma hayo akiwa Dar es Salaam mara nyingi anatafuta kununua, na ukimtumia kilo mbili safi kama ulivyoahidi, ataagiza tena, nawe utakuwa umepata faida bila kusubiri dola ya mtu.

Ukitaka kuandika habari za matukio, tafuta kwanza leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kama zinavyotaka kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020.