Maswali na majibu: redio ya sensa isikilize lini?

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yanalalamikia betri za nodi za sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima na kutuma vipimo kwa redio, kwisha mapema. Nimechagua yale ambayo chanzo chake ni redio kusikiliza.

Nina nodi yenye redio ya CC2420 inayopima unyevu wa udongo kwenye bonde la mpunga la Cheju. Inatuma kipimo kimoja kila dakika 10, na hata hivyo betri mbili za AA hazimalizi wiki. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)

Kosa haliko kwenye kutuma. Tazama karatasi ya vipimo vya chipu hiyo: ikituma kwa nguvu zake zote inakula miliampia 17.4, ikisikiliza inakula 18.8. Wengi huona ajabu, maana tumezoea kudhani anayesema ndiye anayechoka. Kwenye redio hizi ndogo, kukaa kimya ukisubiri kunagharimu zaidi ya kusema. Tena kutuma paketi moja ni kazi ya milisekunde chache tu, ilhali kusikiliza, usipokuzuia, kunaendelea usiku na mchana.

Chukua betri ya miliampia-saa 2,500, ugawe kwa 18.8. Unapata saa 133, yaani siku tano na nusu. Ndiyo hayo hayo uliyoyaona bondeni, na kwa hiyo nina imani kwamba redio yako haijazimwa tangu ulipoifunga. Ikiwa nodi haipokei amri wala haipitishi taarifa za nyengine, zima redio mara inapomaliza kutuma. Usihangaike kutafuta betri kubwa zaidi kabla ya kufanya hilo.

Nodi zangu hupitishiana taarifa mpaka zifike kituoni. Sasa ikiwa jirani imelala na redio yake imezimwa, itasikiaje? (Fundi, Chake Chake)

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa utaratibu uitwao B-MAC. Kila nodi huamka mara kwa mara, hupima kama hewani kuna mawimbi, na isipokuta kitu hulala tena. Mwenye ujumbe hutanguliza mlio mrefu unaopita kidogo muda wa usingizi wa mwenziwe, ili mwenziwe atakapoamka aukute bado unalia. Ubaya wake ni kwamba mlio huo huwashika majirani wote, na kila mmoja hukaa macho hadi mwisho ndipo ajue kuwa ujumbe si wake.

X-MAC ya 2006 ilirekebisha hapo. Mtumaji hupiga hodi fupi fupi zenye anwani ya anayetafutwa, akiacha kimya kidogo baina ya hodi na hodi. Mwenyewe akiamka huitikia karibu, na ujumbe hupita papo hapo. Wasiohusika hurudi kulala. ContikiMAC ya 2011 ikafupisha zaidi: hurudia ujumbe wenyewe mpaka upokewe. Wewe anza na mojawapo ya hizi mbili za mwisho.

Tunataka kufuatilia unyevu katika ghala la karafuu. Nodi zilale kwa muda gani? (Msomaji, Wete)

Tuseme kila kuamka kunachukua milisekunde 5. Kwa redio na betri nilizozitaja juu, ukiamka mara nane kwa sekunde, redio huwa wazi asilimia 4 ya muda na betri zitafika kama miezi minne na nusu. Ukiamka mara moja kwa sekunde, ni nusu ya asilimia moja, na kwa hesabu ya karatasi ni miaka mitatu. Utapata pungufu ya hiyo, kwani sensa na chipu nyengine nazo zinachukua chao.

Lakini usingizi mrefu unamtwisha mtumaji mzigo, maana kwa wastani atarudia ujumbe kwa nusu ya muda huo kabla hajasikika. Anayetuma kila baada ya sekunde chache atapata hasara. Unyevu wa ghala hupanda kwa saa, si kwa sekunde, kwa hiyo tumeni mara chache na nodi zilale sekunde nzima bila wasiwasi.

Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kinamama wa mwani kina nodi za kupima joto la maji, zimefungwa juu ya vigingi. Maji yakijaa zinapotea kituoni, na betri hazidumu. (Msomaji, Paje)

Waalaykum salaam, dada. Kazi hii naithamini sana, kwa kuwa maji ya moto ndiyo yanayowaulia mwani wa cottonii, na anayejua joto linapoanza kupanda anaweza kuvuna mapema.

Mawimbi ya gigahezi 2.4 humezwa na sentimita chache tu za maji ya chumvi. Nodi iliyozama haijui hilo; inarudia kuita na haitikiwi, na kila jaribio linakwenda mpaka mwisho wa muda wake. Wekeni pini mbili za chuma kisichoshika kutu usawa wa antena. Kabla ya kuwasha redio, nodi ipitishe umeme kidogo kwa kitambo kifupi: ukipita kutoka pini hadi pini, iko majini, basi ihifadhi kipimo na ilale.

Msiipangie kwa saa peke yake. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Isitoshe, siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha, na vigingi vya mbali huenda visionekane mpaka bamvua. Kwa hiyo nodi iweze kuweka vipimo vya wiki nzima: kwa kipimo kimoja kila dakika 10 ni 1,008, na kwa baiti mbili kila kimoja, kilobaiti mbili zinatosha. Kituo cha ufukweni, kama kina sola, kiacheni kisikilize saa zote.

Programu ni moja, lakini nodi za karibu na hoteli zinakufa mwanzo. (Msomaji, Nungwi)

Ni Wi-Fi. Nodi ikiamka inakuta mawimbi, inadhani inaitwa, inabaki macho bure. Pandisha kidogo kiwango cha nguvu inachokihesabu kuwa ni mwito, kisha hamisha redio ya nodi kwenye chaneli yake ya 26, ambayo Wi-Fi za chaneli 1, 6 na 11 haziifikii.

Je, LoRaWAN inatuondolea tabu hii? (Mkulima, Makangale)

LoRaWAN ni mtandao wa redio wa masafa marefu kwa vifaa vya betri. Kwa kupima tu, ndiyo. Nodi ya daraja A husikiliza baada ya kutuma tu: kwa kawaida hufungua dirisha fupi sekunde moja baadaye na jengine sekunde inayofuata. Amri yako itangoja mpaka nodi itume tena. Ukitaka kufungua valvu ya maji pale pale unapobonyeza, utahitaji daraja C, linalosikiliza wakati wote, na hapo nodi uifungie sola.