Uwazi nyuma ya zege la handaki: je, bamba la chuma latosha?

Rada ya kupima ndani ya zege imeonyesha uwazi juu ya paa la handaki, kati ya zege na mwamba. Rojo la saruji halikufika hapo. Tukibandika mabamba ya chuma kwa ndani, si tumemaliza?

Mtamaliza fedha, tatizo libaki. Zege la handaki hubeba mzigo kwa kuegemea mwamba pande zote. Penye uwazi halina pa kuegemea: kuta za pembeni zikisukumwa ndani, paa hupanda kuelekea kwenye uwazi. Zege huchanika upande wa nyuma, msikouona, na kusagika upande wa ndani. Bamba lenu basi litakaa upande unaobanwa, wakati mvutano uko nyuma! Na jiwe likibanduka mwambani, bado litaanguka kwa kishindo juu ya zege.

Jazeni kwanza. Toboeni matundu, sukumeni rojo kwa shinikizo dogo kutoka chini kwenda juu, na tundu la juu kabisa liachwe wazi hewa itoke. Rojo zito likichomoza hapo, endeleeni na sehemu nyingine. Msiharakishe kwa kuongeza shinikizo. Pampu yenyewe yaweza kuvunja zege.

Kwa hiyo mabamba hayana kazi?

Yanayo, hasa zege likiwa jembamba kuliko michoro ilivyotaka, au limeshapasuka. Hapo mpangilio waweza kugeuka: lishikizwe kwanza kwa matao ya chuma au mabamba, ndipo rojo lisukumwe. Mhandisi wa miundo aamue, si mwenye pampu.

Gundi ya epoksi peke yake inashika?

Juu ya vichwa vya watu, mimi sikubali. Bamba la milimita 10 lina uzito wa kilo 78.5 kwa kila mita ya mraba, na epoksi nyingi za ujenzi hulegea joto likipita nyuzi 60 hadi 80 hivi za Selsiasi. Moto wa gari moja hupita hapo upesi. Tieni bolti za kupanuka, zinazojibana zenyewe ndani ya tundu bila gundi. Katika handaki la Sasago, Japani, tarehe 2 Desemba 2012, mabamba ya zege ya dari yaliporomoka na kuua watu 9. Bolti zilizoyaning'iniza zilishikwa kwa gundi kwenye matundu ya zege.

Kutu je?

Zibeni uvujaji kabla ya kubandika, pakeni rangi ya kuzuia kutu, kisha kila ukaguzi mligonge bamba kwa nyundo. Likilia kitupu, gundi imeachia.