Anza na wasimamizi wa zamu

Ndugu muulizaji, umesema kwamba katika ghala lako hapa Nakuru wafanyakazi wa asubuhi na wa jioni hugombana kila wanapokabidhiana kazi, nawe unataka kujua mafunzo ya kusuluhisha ugomvi yaanzie wapi. Ningeanza na wasimamizi wa zamu, kwa kuwa ugomvi huwafikia wao kabla haujafika ofisini kwako. Wakalishe wawili wawili, mmoja aigize mlalamishi, na mwingine asijibu lolote mpaka arudie kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyasikia. Zoezi hili huonekana jepesi, lakini nimeona watu wazima wakikwama, kwa sababu walikuwa wakiandaa majibu badala ya kusikiliza. Wazoeze pia kutaja tendo: “mizani iliachwa chafu saa nane” huzungumzika, ilhali “ninyi ni wavivu” huwasha moto.

Vitisho na ngumi visisuluhishwe pembeni, viletwe kwako. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na umsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua.

Daftari la makabidhiano lenye sahihi za pande zote mbili lianze wiki hii, usingoje mafunzo.