Mtaji ndio unaowakwamisha
Dada, umeuliza kwa nini wanawake weusi wenye maduka halali ya bangi Marekani ni wachache ilhali leseni zinatolewa na majimbo. Tazama mtaji. Kwa kuwa sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, imeiharamisha bangi miaka na miaka, benki nyingi hazikopeshi. Halafu kuna kifungu cha kodi 280E: pango na mishahara ya dukani haviruhusiwi kutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, hivyo mtu anaweza kudaiwa kodi hata akiwa kwenye hasara! Wanda James, mwanamke mweusi mwenye duka la bangi la Simply Pure mjini Denver, alipenya humo humo, ingawa ndugu yake wa kiume alishafungwa Texas kwa bangi, akachumishwa pamba gerezani. Kwangu mimi, leseni bila mkopo nafuu ni kuwaongezea mzigo, maana pango huanza kulipwa kabla hata gramu moja haijauzwa.