Wageni wa Julai na hifadhi za wanyama: ziwe ngapi, na zipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu wa kike anaishi Ujerumani na mumewe pamoja na watoto wao watatu, wa miaka 7, 11 na 16. Watakuja likizo ya kiangazi mwishoni mwa Julai, na wametenga siku nane za kwenda kuona wanyama. Kila mtu ana lake: shemeji anataka gorila wa Bwindi, mdogo wangu anataka Kidepo kwa sababu ya picha alizoziona, mtoto mdogo anataka twiga basi, na jirani yangu mwenye gari la kukodisha anasema hifadhi tano zinawezekana kabisa. Naomba unisaidie kuchagua, maana sitaki wageni wangu warudi na habari za vumbi tu. — Dada Mkubwa, Jinja.

JIBU: Dada Mkubwa, pole na hongera, kwa kuwa wageni wanaojua wanachokitaka ni bora kuliko wale wanaosema "popote tu". Tuanze na hilo neno kiangazi. Shemeji yako analitamka akifikiria jua la kwao, lakini hapa Uganda, ambako Ikweta inakata nchi, mvua hazifuati kalenda moja. Kusini na magharibi, yaani pande za Masaka, Mbarara na Kasese, miezi ya Juni hadi Agosti ni kipindi kikavu kilichokaa kati ya mvua mbili: nyasi hupungua, madimbwi hukauka, na wanyama hawana budi kuteremka kwenye maziwa na mito, mahali ambapo hata mgeni asiye na macho ya kiwindaji atawaona. Lakini Karamoja, kaskazini mashariki, iliko Kidepo, ina msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza Aprili hivi, na Julai inaangukia ndani yake. Kidepo ni hifadhi ya ajabu, tena ndiko wanakopatikana mbuni na duma ambao hutawaona katika hifadhi za Ziwa Mburo wala Queen Elizabeth, lakini wakati wake ni kati ya Desemba na Machi, wanyama wanapokusanyika katika bonde la Narus kutafuta maji. Mwambie mdogo wako kwamba picha zile huenda zilipigwa Januari. Isitoshe, kwenda na kurudi kutameza siku mbili kati ya nane zenu.

Bwindi nayo iahirisheni. Mtu aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata gorila, kwa hiyo watoto wawili wangebaki hotelini wakiwasubiri wenzao waliopanda mlima, na kibali cha mgeni kinauzwa kwa mamia ya dola kwa kila kichwa, kwa saa moja tu mbele ya wanyama. Shemeji ataudhika kidogo. Sokwe wa msitu wa Kibale watamtuliza.

Kuhusu hifadhi tano za jirani yako, sina shaka kwamba gari lake linaweza. Wanaoshindwa ni watoto wa miaka 7. Mimi ningechukua tatu zilizo kwenye mzunguko mmoja, bila kurudi mlikopita: Ziwa Mburo usiku mbili, Queen Elizabeth usiku tatu, kisha mpite Kasese na Fort Portal hadi Kibale usiku mbili, na siku ya nane mrejee Kampala kwa barabara ya Mubende.

Mburo watu wengi huidharau kwa sababu haina tembo, nami nimewahi kuwa mmoja wao. Lakini kwa familia yenye watoto ndiyo pa kuanzia. Iko mwendo wa saa nne hivi kutoka Kampala, na njiani mtasimama Kayabwe kupiga picha kwenye mstari wa Ikweta. Ni ndogo, ina punda milia, pofu na swala pala, yule ambaye jina la Kampala linatokana naye na ambaye hutamkuta katika hifadhi nyingine ya taifa nchini. Zaidi ya yote, tangu mwaka 2015 ina twiga walioletwa kutoka Murchison Falls, kwa hiyo haja ya mtoto mdogo imekwisha siku ya kwanza. Hapo pia watu wazima wanaweza kutembea kwa miguu wakiongozwa na askari wa hifadhi, na mtu aliyewahi kumsikia punda milia akikoroma umbali wa hatua thelathini, bila kioo cha gari katikati, hawezi kuusahau mlio ule.

Tembo, viboko, nyati na simba mtawatafuta Queen Elizabeth, ambako hakuna twiga wala punda milia. Ndiyo sababu hifadhi hizi mbili zinakamilishana. Msikose boti ya mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Chagueni ya alasiri, jua linapokuwa kali na tembo wanashuka kunywa. Boti hupita karibu na ukingo kiasi kwamba utaona masikio ya kiboko yakitikisa maji kabla kichwa chenyewe hakijaibuka, na madume wazee wa nyati waliofukuzwa kundini wamelala topeni, ndege wakiwadonoa kupe puani. Simba wapandao miti wako Ishasha, kusini mwa hifadhi, mbali na Mweya zinakoanzia boti. Nendeni kama mna subira, bila kumwahidi mtoto yeyote.

Jambo moja la fedha ambalo wenye magari hawalitaji sana: tiketi ya kuingia hifadhini hudumu saa 24 tangu mlipopita getini. Mkiingia saa kumi jioni, mtazunguka jioni ile na alfajiri ya kesho yake kwa malipo yaleyale. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo mdogo wako kama bado ana pasipoti ya Uganda aje nayo mkononi, asiiache Kampala kwenye sanduku.

Kibale, wazazi na mkubwa wa miaka 16 wataingia msituni kuwafuata sokwe, nawe utabaki na wadogo ambao umri wao hauruhusu. Wapeleke kwenye kinamasi cha Bigodi, kinachotunzwa na wanakijiji wenyewe. Kuna kima wa aina kadhaa na njia ni tambarare. Julai na Agosti ndiyo miezi ya wageni wengi, na vibali vya sokwe kwa siku moja vina kikomo, kwa hiyo usisubiri ndege itue Entebbe. Vibali vya hao watatu vinunue kwa Mamlaka ya Wanyamapori wiki hii, ndipo umtafute jirani mzungumze bei ya gari.